Noti ya Juu ya Wilf Wrigley

Lorna Wrigley alimchukia mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo hakuwahi hata kumtia machoni. Wengine waliomkosea aliwamaliza papo hapo kwa maneno, kwa sababu ulimi wake haukujua likizo, kisha akawanunulia bia na yakaisha. Huyu mmoja alimweka. Alimweka zaidi ya miaka ishirini, akamlisha na kumnenepesha moyoni, mpaka kila mtu pale Thornclough akalijua jina lake: Crispin Ashdown, mhakiki wa muziki wa London.

Ukimwuliza Ashdown alimkosea nini, Lorna aliweka spana chini kwanza. Alikuwa fundi kwenye gereji ya matairi ya mjomba wake, kule chini karibu na mfereji, na watu walimletea magari hata ya vijiji vya mbali kwa sababu hakuwa na mchezo na kazi. "Alimuua baba yangu," angejibu. Halafu, kwa kuwa hapendi uongo, angeongeza: "Siyo kumuua kuua. Alimnyamazisha. Kwa mtu kama baba, ni yale yale."

Ujanani Lorna alipiga dramu kwenye bendi iliyoitwa Tentercroft. Walikuwa vijana wanne wa bonde hili, wakifanya mazoezi kwenye ghala la kiwanda cha pamba kilichofungwa zamani, katikati ya njiwa na ndoo za kukinga maji ya paa. Mwimbaji wao alikuwa Darren Kershaw, kijana mrefu mwenye sauti ya kulalamika hata anapoagiza chipsi. Albamu yao ya kwanza ilikuwa kelele tupu, na kelele ilikuwa tamu: magitaa yanakwaruza, dramu zinakimbizana, Darren anawalaani wakubwa wote kuanzia mwalimu wake wa hesabu mpaka serikali. London ikaipenda. Wahakiki wakapanda treni, wakaja na viatu vyao vyembamba, wakalowa, wakawapiga picha mbele ya ukuta wenye ukungu, wakarudi kuandika nyota tano na kwamba hii ndiyo sauti halisi ya kaskazini. Kana kwamba huku tuna sauti moja tu ya kugawana.

Basi, kusifiwa nako kuna shida yake. Aliyekusifu hataki ubadilike, na usipobadilika anachoka. Tentercroft waliamua kubadilika, na wazo lilikuwa la Lorna. Alisema kelele wamemaliza, sasa wapige muziki wa kwao kabisa, ule wa bendi za shaba, za matarumbeta na mabaragumu, walioukuta tangu wako kwenye vigari vya watoto. Na akasema mpigaji anaye, tena yuko nyumbani kwao, anakula njegere.

Huyo alikuwa baba yake, Wilf, dereva wa gari la taka na mpiga tarumbeta wa mbele katika Bendi ya Shaba ya Thornclough. Alipiga lile tarumbeta fupi wanaloliita kornet, na alipiga vizuri mpaka bendi za vijiji vingine zilimchukia kwa heshima. Alikuwa na wimbo wake mwenyewe aliotunga akiwa nyuma ya usukani, unaofanana na wimbo wa kanisani. Hakuwahi kuuandika popote. Wimbo huo ndio uliofunga albamu ya pili. Magitaa yananyamaza, dramu zinanyamaza, Wilf anaingia peke yake na kupanda, anapanda, na pale juu kabisa noti ya tarumbeta inapasuka, inatetemeka, inateremka taratibu kama mtu aliyeshikwa na kilio. Lorna alilia nyuma ya dramu zake. Darren akasema, "Hiyo hiyo, mzee, tusiiguse tena."

Wilf hakusubiri kuletewa gazeti. Alikwenda dukani mwenyewe asubuhi lilipotoka, akalisoma amesimama pale pale kaunta, kofia kichwani. Nyota mbili. Na mwishoni kabisa maneno haya, ambayo Lorna aliyajua kwa moyo kuliko sala yoyote: "Kisha, kwa sababu zisizoeleweka, mtu fulani analeta tarumbeta. Linalia kama ng'ombe aliyekwama matopeni, na msikilizaji mwenye huruma atatamani aitwe daktari wa mifugo." Chini yake: Crispin Ashdown.

Wilf alirudi nyumbani, akalifuta tarumbeta kwa kitambaa, akalilaza kwenye sanduku lake na kusukuma sanduku chini ya kitanda. Wenzake wa bendi walipokuja kumwuliza, alisema, "Kama London inasikia ng'ombe, basi ng'ombe apumzike." Kauli hiyo ilizunguka kijiji kizima na watu waliitikia kwa vichwa, wakaikubali bila ubishi. Hakupiga tena mpaka wakamzika, na siku ya kumzika, bendi ilipopita na jeneza mbele ya gereji, pengo la mpigaji wa mbele waliliacha wazi.

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Ashdown aliendelea na maisha yake, akapanda cheo, akapanda televisheni. Tentercroft wao walitikisika. Darren aliogopa yale maneno ya gazeti kuliko alivyokubali kusema, kwa hiyo albamu ya tatu akaleta mashine na vinanda vya umeme, na dramu za Lorna zikapigwa na kisanduku. Mhakiki huyu akaandika kwamba wamejipata, yule akaandika kwamba wamejipoteza, na wote wawili walikuwa wamesikiliza nyimbo mbili za mwanzo tu. Albamu ya nne ilikuwa ya polepole, ya fidla na kunong'ona. Hiyo hata matusi haikupata. Lorna akarudi kwenye matairi moja kwa moja, na Darren akawa mwalimu wa muziki wa watoto wa shule kule Manchester.

Lakini Lorna hakukaa bure. Baada ya mazishi alilala kifudifudi, akavuta lile sanduku kutoka chini ya kitanda, akajifunza tarumbeta la baba yake akiwa mtu mzima mwenye mikono ya spana. Majirani waliteseka. Wimbo wa baba aliujifunza kwa sikio kutoka kwenye albamu, akirudia na kurudia, mpaka akaipata ile noti ya juu na kupasuka kwake kote. Alipojiunga na Bendi ya Shaba ya Thornclough wakampa kile kiti kilichokuwa wazi. Kiongozi wa bendi alimwambia mara moja tu, kwa adabu, huku akipanga panga karatasi zake: "Lorna, ile ya juu pale, huwezi kuinyoosha kidogo?"

"Baba aliipiga hivi," Lorna akajibu.

Watu wazima wa bendi waliangalia viatu vyao. Mzee Clifford Buckley, aliyepiga baragumu kubwa la sauti nene na aliyekuwa rafiki wa Wilf tangu shule, akakohoa. Suala la noti ya juu halikuletwa tena.

Mwaka jana, kabla ya Pentekoste, simu ikalia gerejini. Alikuwa Darren.

"Lorna, keti kwanza."

"Niko chini ya lori. Sema."

"Wanaitoa upya albamu ya pili. Kwa heshima, kwa jalada jipya na kila kitu. Na unajua nani ameandika utangulizi? Usipige kelele."

"Nani?"

"Ashdown. Ngoja, ngoja kwanza, nikusomee! Anasema ni lulu iliyosahaulika. Anasema ameisikiliza mara mia. Sikia hapa: 'Na ile noti ya mwisho ya tarumbeta, inayopasuka mbele ya macho yetu, ndiyo roho ya albamu yote.' Roho, Lorna! Baba yako!"

Lorna alitoka chini ya lori. Alisimama katikati ya gereji, mafuta mpaka viwikoni, na mjomba wake alivyomwona uso alizima redio.

"Ameomba radhi?"

"Radhi ya nini?"

"Ya ng'ombe."

"Sidhani kama anakumbuka," Darren akasema.

Hapo ndipo hasira yake ilipokomaa. Tusi la kwanza alikuwa amelizoea. Alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. Lakini mtu akutukanie baba yako, asahau, halafu arudi kujifanya ndiye aliyemgundua? Lorna alihisi kitu kilichokaribia furaha. Siku za mwizi ni arobaini, akajiambia, na huyu zake amezihesabu mwenyewe.

"Darren," akasema kwa sauti laini iliyomtisha Darren, "huyo bwana anapenda kuheshimiwa, si ndiyo?"

"Nani asiyependa?"

"Mwambie Thornclough inamwomba aje kuwa jaji."

Ijumaa baada ya Pentekoste, bonde letu lote huwa shaba tupu. Mabasi yanaleta bendi kutoka kila mahali, zinashuka na kutembea barabarani zikipiga, kisha zinasimama mbele ya jaji na kupiga wimbo wa shindano, na kukimbilia basi kwenda kijiji kingine. Jaji haoni mtu. Kwetu anakaa ndani ya karavani, kijumba cha kuvutwa na gari, kilichofungwa mapazia, uani kwa baa ya Fleece, pamoja na mlinzi wa kamati. Mlinzi akipuliza filimbi, bendi inapiga. Jaji anajua namba tu. Akichungulia hata kwa jicho moja, shindano limekufa, na akibanwa na haja anafunikwa taulo kichwani na kuongozwa mpaka chooni, na watoto wanamshangilia njia nzima. Vijiji vingine jaji huandika. Sisi tunataka aseme. Bendi za wenyeji zikiisha kupiga, jaji anatoa hukumu yake kwa kipaza sauti akiwa bado ndani, gizani, ili kijiji kizima kisikie kabla hajajua amemsema nani.

Mpango wa Lorna ulikuwa mwepesi. Bendi ya Thornclough ingepiga wimbo wa Wilf, Lorna peke yake mbele, bila kutangazwa. Mtu aliyeusikiliza mara mia atautambua, na akishautambua atausifu mpaka apungukiwe maneno. Atatoka nje akitabasamu. Hapo Lorna angechukua kipaza sauti na kumrudishia ng'ombe wake, neno kwa neno, mbele ya watu waliombeba Wilf kaburini. Aliye juu mngoje chini, na chini yenyewe ni uani kwa Fleece.

Mama yake, Edna, alisikia mpango huo jikoni akikunja nguo. Alikuwa amevuka themanini na alisikia alichotaka kusikia. "Lazima wimbo ule?" akauliza.

"Ndiyo wenyewe, mama."

"Kuna nyimbo nyingi nzuri."

"Mama, mimi nimemsubiri huyu mtu tangu sijaota mvi. Usinianze."

Edna akakunja taulo ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

Siku ikafika na mvua yake, ile nyembamba isiyomzuia mtu. Ashdown alikuwa mzee zaidi ya picha zake, mwembamba, koti la mvua jipya, kiziwi kidogo wa sikio moja lakini hakutaka ijulikane. Darren alimtembeza huku akimtambulisha. Lorna hakumpa mkono. Alijificha nyuma ya basi mpaka wakamfungia karavanini, kwa sababu hakuamini uso wake.

Namba ya Thornclough ilikuwa ya mwisho kati ya wenyeji. Filimbi ikalia. Lorna akasogea mbele mpaka mita chache kutoka kwenye yale mapazia, akainua tarumbeta la baba yake. Bendi ilimtandikia chini polepole, Mzee Clifford na baragumu lake wakibeba uzito, naye akapanda. Watu wa uani waliacha kutafuna. Akafika juu, akaipasua noti ile ile, ikatetemeka, ikashuka. Alipoteremsha tarumbeta mikono ilikuwa inamwuma, na akawaza, haya, mzee, sasa sikiliza.

Kipaza sauti kikakwaruza. Ashdown alianza na bendi ya kwanza, akaenda kwa utaratibu, mwungwana, mwenye mzaha mdogo hapa na pale. Watu walimpenda. Lorna alisubiri.

"Na bendi ya mwisho," sauti ikasema. "Besi nzuri sana, nzito na safi. Mwendo haukuyumba. Wimbo wenyewe siufahamu, lakini ni mzuri, una huzuni ya kweli. Lakini mpigaji wa mbele, yeyote aliye, mimi si mtu wa kudanganya. Amepanda vizuri, nikashika pumzi. Halafu pale juu kabisa, samahanini sana, nilidhani ng'ombe ameingia uani."

Kicheko kimoja kilitoka kwa mgeni asiyejua mambo, kikakatika.

Lorna alihisi damu imempanda masikioni. Ng'ombe! Yule yule! Kwa nusu dakika hakuwa na mpango wowote. Halafu akaona, na alipoona alikaribia kucheka kwa sauti, kwamba mtu huyu amejifunga kamba nzuri kuliko yoyote ambayo yeye angemsokotea. Mlango wa karavani ukafunguka, Ashdown akatoka akipepesa macho, na kabla hajamaliza ngazi Lorna alikuwa amemnyang'anya kipaza sauti.

"Bwana Ashdown! Karibu Thornclough. Ng'ombe ni mimi."

Watu wakacheka, kwa hofu kidogo.

"Jina langu Lorna Wrigley. Nilipiga dramu Tentercroft. Wimbo uliousikia, ambao huufahamu, umeusikiliza mara mia. Umeandika mwenyewe! Na hiyo noti ya ng'ombe, mwezi uliopita uliiita roho ya albamu yote. Sasa tuambie, sisi ni watu wa kijijini, hatujui: ni roho au ni ng'ombe? Au ukiona jina kwenye jalada ni roho, na ukifunikiwa pazia ni ng'ombe?"

Hapo uani palipasuka. "Roho ya ng'ombe!" mmoja akapaza sauti. "Mfunikeni taulo tena!" akaongeza mwingine. "Mwiteni daktari wa mifugo amwangalie masikio!" Darren alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Lorna hakuwa amemaliza. Akawasomea kutoka moyoni maneno ya zamani, yote, mpaka lile la daktari wa mifugo, na jina chini yake. "Mtu huyo fulani aliyeleta tarumbeta alikuwa baba yangu," akasema. "Hakupiga tena mpaka alipokufa. Nilitaka tu ujue."

Ashdown akawa mwekundu, kisha mweupe. Alifungua mdomo. "Nilisema nilichosikia," akasema, na bila kipaza sauti walimsikia wachache. Wengine walimzomea mpaka mlangoni mwa baa. Lorna akarudisha kipaza sauti mahali pake. Ilikuwa tamu. Asikudanganye mtu kwamba kisasi hakina ladha. Kilikuwa kitamu kuliko alivyokiwazia, na aligeuka kuwatazama wenzake wa bendi ili wakile pamoja.

Wenzake hawakuwa wanacheka. Vijana ndiyo, lakini wale wazee, waliopiga na Wilf, walikuwa wamejishughulisha. Mmoja alifunga kamba ya kiatu. Mzee Clifford alikuwa akimwaga mate kutoka kwenye baragumu lake, anatikisa, anamwaga tena, na hakukuwa na tone lililobaki.

"Mzee, vipi? Hukusikia nilivyomshusha?"

"Nimesikia, binti Wilf. Umesema vizuri sana." Hakuinua macho. "Kamwone mama yako."

Edna alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kukunja kando ya meza ya pai na njegere, blanketi magotini na chupa ya chai mkononi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Hasira imekwisha?"

"Imekwisha, mama. Mbona mnaniangalia kama nimevunja kikombe?"

"Basi keti. Kuna jambo nilimwahidi baba yako sitalisema, na sasa umeutangaza uongo wake kwa kipaza sauti." Edna akanywa chai kidogo. "Ilikuwa meno, mwanangu."

"Meno gani?"

"Ya baba yako. Ya mbele. Yalikuwa yamelegea hata kabla hajaingia studio, yanacheza kama vitasa vya nyumba yetu. Siku ile aliyashikilia kwa ulimi. Alipofika juu moja likahama, noti ikahama nalo. Alirudi nyumbani analia, anasema nimewaharibia watoto albamu. Halafu gazeti likatoka. Kesho yake akaenda kwa daktari, wakayang'oa yote, na wewe uliporudi kutoka ziarani na bendi alikuwa na ya bandia."

Lorna alimtazama mama yake. Kila mpigaji wa tarumbeta anajua. Mdomo bila meno ya mbele hauna kitu cha kuegemea.

"Lakini alisema ni London. Alisema ng'ombe apumzike."

"Alilishukuru lile gazeti! Alilibusu, kule mezani jikoni. Mpigaji bora wa bonde zima, aende kuwaambia wenzake nimeota mapengo? Wilf? Ashdown alimpa sababu ya kiume. Siri alimwambia Clifford tu."

"Na Clifford?"

"Clifford akawaambia wote, kama kawaida yake. Ila wakaapa wewe usijue."

Lorna akakaa chini, kwenye ukingo wa meza, mkono ukaingia kwenye njegere. Aliwaza gazeti lililobusiwa. Aliwaza kiongozi wa bendi akipanga panga karatasi zake. Aliwaza miaka yote aliyokesha na ile albamu akijifunza kupasua noti, midomo ikivimba, na meno yake mwenyewe yote thelathini na mawili yakiwa imara mdomoni.

"Mama," akasema polepole, "mimi nimekuwa nikipiga jino la baba."

"Umelipiga vizuri sana, mwanangu. Sote tulilijua lilipoingia."

Akacheka, na cheko likageuka kilio, na mama yake akampa ncha ya blanketi ajifute. Kilichomchoma si kwamba alikuwa mjinga. Kilichomchoma ni kwamba yule mtu alikuwa kweli. Mara ya kwanza alisikia kasoro, na kasoro ilikuwepo. Leo, pazia limefungwa, sikio moja halifanyi kazi vizuri, alisikia kasoro ile ile tena. Alipokosea ni pale tu alipoandika sifa. Hasira ya Lorna ilitafuta pa kukaa, ikazunguka, na badala ya kuondoka ikarudi kuketi mahali pake pa zamani, kwa kuwa baba yake alilia jikoni wakati mtu huyu akitafuta neno la kuchekesha. Mtu anaweza kuwa sahihi na bado akawa mshenzi.

Kikohozi kikasikika. Ashdown alikuwa amesimama mvuani na mkoba wake, anasubiri gari la kumpeleka stesheni. Hakuna aliyekuwa amemnunulia hata pai.

"Bi Wrigley, sitakuchelewesha. Yale maneno ya zamani yalikuwa ya kikatili. Nilikuwa kijana, nilitaka kuchekesha. Naomba radhi kwa ajili ya baba yako."

Lorna aliutoa mkono kwenye njegere, akaufuta. Alikuwa ameisubiri radhi hiyo miaka mingi, na sasa ilikuwa mbele yake na hakujua aiweke wapi.

"Ila nina swali, na sina mwingine wa kumwuliza." Alisogea, akigeuza lile sikio lake zima. "Kazi yangu ni masikio tu, sina kingine. Zamani nilisikia kosa. Baadaye kila mtu, vijana wote, wakasema ile noti ni makusudi, ni usanii. Nikajiambia nilikuwa kiziwi wa moyo, nikaandika vile nilivyoandika. Leo sikujua ni nini, na nimesikia kosa tena. Niambie ukweli tu na niondoke. Ile noti ilikuwa na kasoro, au ni mimi?"

Alikuwa anaomba. Lorna aliiona njaa ile usoni pake. Neno moja lingemtosha mpaka London na mpaka kufa. Nyuma yake Edna aliacha kunywa chai. Mzee Clifford, aliyekuwa amejisogeza na kujifanya anatafuta siki, alishika chupa bila kuinua mkono. Mbele ya Lorna kulikuwa na mtu, na nyuma ya mtu huyo kulikuwa na baba yake akienda kwa daktari wa meno kwa mlango wa nyuma.

"Ni wewe," akasema.

"Una uhakika?"

"Bwana Ashdown, baba yangu aliipiga hivyo kwa makusudi. Alikuwa anaweza kuipiga safi usingizini. Ulikosea ile mara ya kwanza, na leo umekosea tena. Ulipopatia ni mara moja tu, na siku hiyo ulikuwa unafuata wengine."

Ashdown aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Alionekana amepungua ndani ya lile koti. Akaaga kwa adabu, akatembea mpaka kwenye gari lililokuwa likimsubiri, na mlangoni alisimama kidogo, akiwa ameinamisha kichwa upande, kwa sababu barabarani bendi nyingine ilikuwa inashuka ikipiga, na alikuwa anasikiliza kwa uso wa mtu asiyeamini anachosikia. Lorna alimtazama mpaka gari likapinda kona ya kanisa.

"Hiyo," Mzee Clifford akasema akimwaga siki kwenye pai yake, "hata Wilf asingeithubutu." Akatafuna. "Haya, mambo yamekwisha. Mwakani uinyooshe basi ile noti, binti. Masikio yetu yamevumilia vya kutosha."

"Thubutu!" Lorna akasema, akilifuta tarumbeta kwa kitambaa cha baba yake. "Nikiinyoosha, Ashdown atajua."